Je, Wajua Gari la Mwindaji Lilivyogeuka Gari la Majani Chai?

Ayala, yule mnyama mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, hajapata kukanyaga ardhi ya Nyamira, nchini Kenya. Katika bara zima la Afrika makao yake ya asili ni misitu ya kaskazini, pande za Aljeria na Tunisia, na sisi wa huku jina lake tumelizoea kwa kulisoma katika Zaburi, si kwa kuliita porini. Kwa hiyo Mskoti akiuliza ni gari gani litakalompandisha mlimani siku ya Jumamosi kumvizia ayala, na siku ya pili yake limpeleke mkewe na watoto kanisani, swali lake huenda likamchekesha mkulima wa Kebirigo, ambaye mlima wake hauna kiumbe cha kuviziwa ghairi ya fuko anayekula viazi vitamu. Lakini mwondoe ayala, uweke magunia ya majani mabichi ya chai ambayo sharti yafike kiwandani siku ile ile yaliyochumwa, na swali halibadiliki hata chembe: chombo kimoja kitawezaje kuwa mtumwa wa tope na papo hapo kuwa kiti cha heshima cha mama mkwe?

Wawindaji wa zamani wa Kenya, akina Denys Finch Hatton na wenziwe wa miaka ya 1920, walikwenda nyikani kwa motokaa na malori ya kawaida yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na kila mto uliwagharimu majembe, kamba na mabega ya watu. Vita vya Pili vya Dunia vikaleta Jeep ya Marekani; na vilipokwisha, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, aliyekuwa na Jeep kuukuu katika shamba lake kisiwani Anglesey, akajiuliza angenunua nini siku itakapokufa, na jibu lake likawa Land Rover, iliyoonyeshwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, si kwa anasa, bali kwa kuwa feleji ilitolewa kwa kibali katika Uingereza iliyochoshwa na vita, na rangi yake ya kijani ilitokana na mabaki ya rangi ya ndege za kijeshi. Hivyo kitu kilichozaliwa na ufukara kikaja kuwa fahari ya magavana. Japani nayo mwaka 1951 ikatoa Toyota BJ, iliyojaribiwa kwa kuupanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, na mwaka 1954 chombo hicho kikapewa jina la Land Cruiser. Uwindaji wa burudani ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, mwindaji aliiweka chini bunduki, ila gari lake halikustaafu. Lilibaki kwa mapadri, maafisa wa kilimo, matabibu na kila mwenye shughuli mahali ambapo lami haijafika.

Basi na tulitazame tumboni, maana hapo ndipo penye siri, na wanunuzi wengi hutazama taa na viti wasiinamishe shingo kuangalia chini. Gari likipinda kona, gurudumu la upande wa nje husafiri masafa marefu kuliko la ndani, na kama yote mawili yangefungwa katika ekseli moja isiyokubali tofauti, moja lingeburuzwa likiisugua barabara. Dawa ya taabu hiyo ni difu, mkusanyo wa meno uliosajiliwa na Mfaransa Onésiphore Pecqueur mwaka 1827, zamani kabla ya petroli kujulikana kazi yake. Mwenye kulima kwa ng'ombe atalielewa jambo hili upesi kuliko mwenye shahada: difu ni nira iliyofungwa mnyororo katikati. Ng'ombe wawili wanapovuta, nira huwagawia mzigo sawasawa. Lakini mmoja akikosa pa kukanyaga, nira huzunguka upande wake, na mwenziwe, awe na nguvu kama za tembo, hawezi kuvuta zaidi ya yule mnyonge. Ndivyo ilivyo kwa gari lililonasa kando ya mfereji: gurudumu lililo topeni lazunguka kwa kelele na moshi, na lile lililo juu ya nyasi kavu limesimama kimya kama mgeni asiyekaribishwa. Dereva huongeza mafuta, na kwa kuongeza hujichimbia kaburi.

Kulisukuma gari kwa magurudumu manne ni kuongeza nira ya pili mbele ya ile ya kwanza. Na hapo pana madhehebu mawili, ambayo wauza magari huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. La kwanza ni lile la Land Rover za kale, ambazo dereva alichagua mwenyewe kwa vigingi viwili kando ya gia, cha kichwa cha manjano cha kuingiza magurudumu ya mbele, na cha kichwa chekundu cha kushukia gia za nguvu. Humo propela, yaani mihimili inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zikaenda mwendo mmoja, jambo jema kwenye tope linaloteleza na baya juu ya lami kavu, kwa kuwa katika kona magurudumu ya mbele hudai mwendo mrefu kuliko ya nyuma na vyuma hujisokota kwa kunyimwa haki hiyo. La pili ni la magari kama Subaru Forester, ambayo husukumwa na magurudumu yote daima bila dereva kugusa kitu, yana adabu barabarani na wepesi katika mvua, lakini aghalabu hayana zile gia za nguvu. Nami naona gia hizo ndizo zenye thamani kuliko beji yoyote iliyobandikwa nyuma. Katika Toyota Prado, kwa mfano, zinazidisha nguvu inayofika gurudumuni takriban mara mbili na nusu na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho, hata gari likapanda mwinuko mkali polepole kama mtu mzima anayepanda ngazi, pasipo injini kulia wala tairi kuchimba.

Lakini insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kusifika ulimwenguni kwa tope lake, ushindi wake ulichukuliwa mwaka baada ya mwaka na magari yanayosukumwa na magurudumu mawili tu: Volvo ya Joginder Singh mwaka 1965, Peugeot 504 mwaka 1975 na tena 1978, ikasubiriwa mpaka 1987 ndipo Audi ya Hannu Mikkola ikawa gari la kwanza lenye kusukumwa na magurudumu manne kupata ushindi. Tumbo lililoinuka juu ya ardhi, tairi yenye meno ya kujitema udongo, na mkono wa dereva vilitosha kwa zaidi ya miaka 30.

Nani asiyejua, fauka ya hayo, kwamba mfalme wa barabara za Kisii na Nyamira si Land Cruiser bali ni Probox? Toyota waliitoa mwaka 2002 iwe gari la makarani na vifurushi. Wagusii wameifanya matatu, lori la ndizi, na pengine gari la maharusi, na abiria wa ziada huketi kiti kimoja na dereva mwenyewe, desturi ambayo siisifu hata kidogo. Nyingi katika hizo husukumwa na magurudumu ya mbele, nazo zina udhia wake: katika kupanda, uzito hurudi nyuma, ya mbele yakawa mepesi yakateleza. Dereva mjuzi huligeuza gari akapanda kinyumenyume, ili yale yasukumayo yawe upande wa bondeni penye uzito. Na mtazamaji asiyejua elimu ya mizani hudhani amerukwa na akili.

Kwa jamaa mwenye watoto watatu na chai kidogo, ambaye barabara yake ni changarawe iliyotunzwa, Probox au Forester yamtosha, na ziada atakayoiweka itumike kununua tairi njema. Aliye chini bondeni, mahali ambapo udongo mwekundu hugeuka sabuni baada ya mvua ya alasiri, atafute gari lenye gia za nguvu: Suzuki Escudo ya zamani iliyokwisha kuwamo nchini, kwa maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, au Jimny ikiwa watoto ni wawili tu, maana viti vyake ni vinne na nafasi ya mizigo ni ya kusikitisha, au Prado yenye viti saba ikiwa mfuko hauna hofu. Land Cruiser za kale zenye kufuli katika vitovu vya magurudumu ya mbele ni imara kupita kiasi, ila mwenyewe hana budi kushuka na kuzizungusha kwa mkono, na aghalabu hukumbuka kufanya hivyo akiwa amekwisha kunasa, na viatu vyake ni vya Jumapili.

Jambo moja wauzaji hawalitaji. Nguvu ya magurudumu manne husaidia kupanda, si kusimama. Katika kusimama kila gari lina breki nne, liwe la gavana au la ndizi. Anayeteremka kutoka ukingo wa Manga baada ya mvua, akikanyaga breki kwa hofu, magurudumu hufunga, usukani hukosa maana, na tani mbili za chuma huteleza zinakopenda. Huyo na asimame juu kabla ya mteremko, aingize gia ya kwanza katika zile za nguvu, aondoe mguu kwenye klachi na kwenye breki, kisha aiache injini ilishike gari hatua kwa hatua mpaka chini mtoni, hata kama watoto huko nyuma wanalalamika kwamba watembeao kwa miguu wanawapita.