KUNUNUA HUDUMA ZA SIMU PENYE WAUZAJI WENGI



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi hapa mkoani Singida, nilikuta kimelipia intaneti ya mwaka mzima kwa kampuni ambayo mawimbi yake hayafiki kwenye ghala la chama. Katibu alilazimika kupanda baiskeli na vitabu vyake hadi kijiji cha pili ili kupeleka taarifa za mizani. Hapakuwa na wizi. Kosa lilikuwa kununua pasipo mpango.

Zamani kosa hilo lisingetokea, kwa kuwa hapakuwa na la kuchagua. Shirika la Posta na Simu Tanzania lilikuwa muuzaji pekee. Aliyetaka simu aliomba, akangoja zamu, akalipa bei aliyotajiwa. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ililigawa shirika hilo, na mwaka 1994 ikaanza Kampuni ya Simu, TTCL. Simu za mkononi nazo ziliingia, lakini simu za mezani Tanzania Bara zilibaki mikononi mwa TTCL peke yake hadi Februari 2005. Tangu hapo mnunuzi ana hiari. Na hiari isiyo na mpango huzaa hasara.

Serikali yenyewe, iliyo mnunuzi mkubwa, hununua kwa utaratibu ambao una mafunzo matatu kwetu.

Kwanza, mpango hutangulia fedha. Sheria ya Ununuzi wa Umma huitaka kila taasisi iandae mpango wa ununuzi wa mwaka unaolingana na bajeti yake.

Pili, wengi hununua kama mmoja. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ulioanzishwa mwaka 2007, huingia mikataba ya vitu vinavyohitajiwa na taasisi nyingi, ili kila ofisi isihangaike na bei peke yake.

Tatu, ushindani hauna budi kuongozwa. Ukiachwa wenyewe hukimbilia mijini penye faida. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni hushindania ruzuku ya kupeleka huduma vijijini, na ile inayotimiza masharti kwa ruzuku ndogo ndiyo hupewa kazi.

Chama cha msingi kifanye nini basi?

(a) Bodi iandike mahitaji kabla ya kumwita muuzaji: nani atatumia huduma, mahali gani, kwa kazi ipi. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) hauhitaji intaneti sawa na ya kutazamia picha.

(b) Mawimbi ya kila kampuni yajaribiwe palepale ofisini, ghalani na kwenye mizani, asubuhi na jioni.

(c) Ilinganishwe gharama yote ya mwaka: kifaa, ufungaji, malipo ya kila mwezi, na bei inayotozwa kifurushi kikiisha. Kifaa cha bure huweza kuficha kifurushi ghali.

(d) Mkataba wa kwanza uwe mfupi, nao utaje namna ya kuuvunja huduma ikikatika.

(e) Laini isajiliwe kwa jina la chama, si la Katibu. Katibu akiondoka, namba wanayoijua wakulima na wanunuzi isiondoke naye. Aidha, tangu Machi 2017 inawezekana kuhamia kampuni nyingine bila kubadili namba.

(f) Gharama ziingizwe katika makisio yanayoidhinishwa na Mkutano Mkuu.

Nakiri kwamba viko vijiji vyetu ambako mtandao ni mmoja tu, na hapo ushindani ni wa maandishi. Chama kimoja hakiwezi kumtikisa muuzaji wa namna hiyo. Lakini vyama vikipeleka mahitaji yao kwa pamoja kupitia Chama Kikuu, muuzaji atakuwa na sababu ya kusikiliza. Kuunganisha nguvu za wanyonge ndiyo maana hasa ya ushirika, nasi tumezoea kufanya hivyo katika kuuza alizeti. Tujifunze kufanya hivyo pia katika kununua.