Bustani za Manyoni: maji yapimwe kwanza, mbolea baadaye

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma Mjini ina watu 410,956. Miaka kumi baadaye, baada ya Serikali kuhamishia makao yake huko kuanzia 2016, sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Mji ukikua hivyo, masoko yake hula nyanya, vitunguu, hoho na mboga za majani bila kupumzika, na wanaoishi jirani hupata nafasi ya biashara ambayo baba zao hawakuwa nayo.

Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, ni jirani huyo. Reli ya Kati inapita hapo na ndipo tawi la Singida linapochepuka. Barabara ya lami ya Dodoma–Singida inapita hapohapo, na reli ya kisasa kutoka Makutupora kwenda Tabora imepangwa kuikata wilaya. Kwa usafiri, mkulima wa Kintinku au Manyoni mjini anamshinda kwa mbali mkulima wa Ilula, Iringa, anayejulikana nchi nzima kwa nyanya, na yule wa Mang'ola, Karatu, anayetawala soko la vitunguu. Hata hivyo, kiangazi kikikaza, mzigo mwingi unaoshushwa sokoni Dodoma hutoka huko mbali.

Sababu ya kwanza inafahamika. Manyoni hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 700 tu. Mvua ikinyesha, mlenda na mchicha hujiotea wenyewe na bei ya mboga huanguka. Bei hupanda kiangazi, na mboga ya kiangazi ni ya kumwagilia. Hapo ndipo inapojitokeza sababu ya pili, isiyozungumzwa sana: wakulima wengi wa bustani hutumia fedha kwa mpangilio uliopinduka. Hununua mbolea kwanza, kisha pampu, na maji huja kujulikana ladha yake mazao yakishaanza kunyauka.

Shilingi elfu tatu kwa kilo

Tuanze na mfuko wa mbolea wenyewe. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Mbeya wakati wa Nane Nane 2022 ilishusha mfuko wa kilo 50 wa urea hadi shilingi 70,000. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko mmoja unabeba kilo 23 za naitrojeni. Kwa bei hiyo ya ruzuku, kila kilo ya naitrojeni ilimgharimu mkulima takriban shilingi 3,000.

Swali la kibiashara ni kilo ngapi kati ya hizo 23 zinafika kwenye mmea. Urea ikinyunyizwa juu ya udongo mkavu wenye joto bila kufukiwa, sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupotea hewani. Ikifukiwa vizuri kwenye udongo wa kichanga, halafu mfereji ukafunguliwa kutwa nzima, naitrojeni ikishageuka kuwa naitreti huyeyuka na kushuka na maji chini ya mizizi. Mkulima aliyepoteza nusu ya mfuko kwa njia hizi mbili amepoteza shilingi 35,000. Kwa kuwa majani yamepauka, atarudi dukani kununua mfuko mwingine.

Lipo pia suala la aina ya mbolea. Kwa mazoea ya mahindi, wengi hupandia DAP na kukuzia urea, ambazo ni fosforasi na naitrojeni basi. Nyanya ni mlaji wa aina nyingine. Inapozaa hufyonza potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, na potasiamu ndiyo inayojaza tunda, kulipa rangi na kuliwezesha kustahimili safari ndani ya tenga. Nyanya iliyokuzwa kwa urea tupu hunawiri majani, huchelewa kuzaa, na matunda yake hulainika mapema. Dalali haulizi ulitumia mbolea gani. Anaminya tunda, anataja bei.

Chumvi inayoingia bila kununuliwa

Chukua robo eka ya nyanya, mita za mraba 1,000 hivi. Katika joto la Septemba au Oktoba, mimea ikiwa imefunika ardhi, eneo hilo linaweza kuhitaji milimita tano za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bustani inahitaji lita 5,000 kila siku, simtanki moja kubwa. Kwa mfereji, ambapo karibu nusu ya maji hupotea njiani na kwenye kina, pampu italazimika kuvuta lita 10,000. Kwa matone, lita 5,500 zinatosha. Tofauti hiyo hulipwa kwa petroli kila asubuhi, au kwa ukubwa wa paneli za sola mara moja.

Sasa tuangalie kilichomo ndani ya maji hayo. Mashariki mwa wilaya ardhi inashuka kutoka Kilimatinde hadi bonde la Bahi, ambako maji ya mvua huingia na hayana pa kutokea. Jua huyanyonya, chumvi inabaki. Visima vingi vya maeneo kama hayo hutoa maji yenye munyu wa viwango mbalimbali. Maji yenye kipimo cha chumvi cha desisimensi 1 kwa mita, ambayo mtu anaweza kuyanywa bila kulalamika sana, hubeba takriban gramu 0.64 za chumvi kwa kila lita. Lita 5,000 ni kilo 3.2 kwa siku. Tukihesabu siku 60 tu za umwagiliaji mzito, ni kilo 192, karibu mifuko minne ya kilo 50, imemwagwa kwenye robo eka ambayo pengine mwenyewe aliipa mfuko mmoja au miwili ya mbolea.

Chumvi hiyo huifanya mizizi ivute maji kwa taabu hata udongo ukiwa umelowa. Mazao hayalingani kwa uvumilivu. Kwa viwango vinavyotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mavuno ya maharage huanza kupungua chumvi ya udongo ikifika desisimensi 1.0, vitunguu 1.2, hoho 1.5, kabichi 1.8, nyanya 2.5, na bitiruti 4.0. Singida ni mkoa wenye jina katika vitunguu, na wengi Manyoni huvikimbilia kwa sababu hiyo. Lakini kisima kinachobeba nyanya bila shida kinaweza kuviangusha vitunguu. Mwenye maji ya munyu anayechagua zao kwa kuangalia bei ya sokoni peke yake anacheza bahati nasibu.

Mbolea za viwandani nazo ni chumvi. Mkulima anayeona majani yamekauka kingo akidhani yana njaa, akaongeza NPK, anazidisha tatizo aliloanza nalo.

Meno ya kahawia, kitako cheusi

Wenyeji wa Mkoa wa Singida wanayajua maji ya floridi kwa meno ya watoto, yanayogeuka rangi ya kahawia. Maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na sodiamu na bikaboneti nyingi, na kalsiamu kidogo. Kwa bustani hiyo ni taarifa nzito, ingawa haichukui nafasi ya kipimo. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi hutawanyika, udongo huziba na kutengeneza ukoko juu, maji yakatuama badala ya kupenya. Bikaboneti hupandisha pH, na pH ikipita 7.5 madini ya chuma, zinki na fosforasi yanakuwepo ardhini lakini mmea hauyapati. Majani machanga huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na dawa ya dukani haiondoi chanzo.

Kalsiamu ndiyo inayohusika na hasara ambayo kila mkulima wa nyanya ameiona: tunda linaoza kitako, doa jeusi linabonyea, tenga zima linapunguzwa bei. Wengi hudhani ni ugonjwa na hupiga dawa ya ukungu. Chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi inakuwepo ardhini. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji. Bustani inayokaa siku nne kavu kisha ikafurikishwa huikata safari hiyo. Tiba ya kwanza ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Mbolea yenye kalsiamu, kama CAN kwa kiasi chake, hufuata baadaye.

Kwa ardhi iliyoharibiwa na sodiamu, dawa iko ndani ya ukanda huohuo. Itigi, iliyokuwa sehemu ya Halmashauri ya Wilaya ya Manyoni kabla ya kupata halmashauri yake, ina machimbo ya jasi, na jasi yake husafirishwa kwenda viwanda vya saruji. Jasi ni salfeti ya kalsiamu. Ikichanganywa na udongo, kalsiamu huchukua nafasi ya sodiamu, na maji mazuri huishusha sodiamu chini ya mizizi. Haifai kila mahali. Ardhi yenye chumvi ya kawaida huhitaji kuoshwa kwa maji mazuri na mtaro wa kutolea, na jasi bila mtaro haisaidii kitu. Lakini mkulima aliyepima na kukuta sodiamu ananunua bidhaa ya mkoani kwake.

Biashara inaanzia kitaluni

Mbegu za chotara huuzwa kwa bei ambayo mtu huzihesabu moja moja, ndiyo maana trei za matundu zimeanza kuchukua nafasi ya matuta ya kitalu. Tundu la trei hubeba udongo kidogo sana, kwa hiyo kosa dogo kwenye mchanganyiko huua mche. Kokopiti, unga wa makumbi ya nazi, hushika maji na hewa kwa pamoja, lakini isipooshwa huwa na sodiamu na potasiamu nyingi, na haina chakula cha kutosha kwa mche. Samadi ya zizi la Manyoni, isiyopitiwa na mvua kwa miezi saba, hukusanya chumvi na amonia, na ikitumika mbichi huunguza mizizi.

Mchanganyiko unaowezekana hapa ni samadi iliyoozeshwa na kumwagiwa maji hadi ikapoa, maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kuwa jivu, na udongo wa juu usio na munyu. Mpunga unalimwa Bahi, ng'ombe wapo. Anayeozesha samadi, akaipima na kuiuza kwa viroba ana soko kwa kila mwenye kitalu.

Kwa wanaofunga matone, lipo la kuangalia kwa karibu. Ng'oa mpira wa msimu uliopita, upasue kwenye tundu: utakuta ukoko mweupe umeziba njia. Ukoko huo hutokana na maji magumu, au na mtu aliyechanganya naitreti ya kalsiamu na mbolea ya salfeti au fosfeti katika pipa moja. Kalsiamu ikikutana na salfeti hutengeneza jasi ileile ya Itigi, safari hii ndani ya mpira. Kalsiamu iwekwe siku yake, nyingine siku yake. DAP isiingie kwenye matone kabisa, ifukiwe shambani.

Pengo la huduma

Maduka ya pembejeo yapo, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, husimamia ubora wa kinachouzwa. Kinachokosekana ni huduma ya kabla ya mfuko. Maabara kubwa za udongo ziko mbali, kama TARI Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mtu wa robo eka hafungi safari hiyo. Lakini kipima chumvi cha mkononi kinaenea mfukoni, kinasoma papo hapo, na duka moja likikinunua linaweza kuwapimia wateja wote wa kata. Vipande vya pH ni rahisi zaidi. Sampuli za udongo zinaweza kukusanywa kwa kikundi na kutumwa kwa basi.

Mabenki nayo yana maslahi hapa. Mkopo wa bustani hudhaminiwa kwa hati ya ardhi au kikundi, wakati hatari halisi imo kisimani. Afisa mikopo anayedai karatasi ya kipimo cha maji kabla ya kutoa fedha ya pampu analinda fedha ya benki na kumwokoa mkopaji kwa wakati mmoja. Kisima chenye desisimensi 0.5 ni rasilimali ya kulimia karibu mboga yoyote. Chenye 3 hakifai vitunguu hata mbolea ikitolewa bure, na ni afadhali mwenyewe ajue hivyo Mei, kabla hajaandaa kitalu, kuliko Agosti akiwa amemaliza mkopo.