Hedhi Kuvurugika Baada ya Kuumia Kichwa

Mtu akipigwa kichwani, akianguka na pikipiki au akijigonga mtumbwini wakati wa dhoruba, jambo la kwanza linalotazamwa ni jeraha. Likifunga, watu husema amepona. Kwa mwanamke, hata hivyo, huenda dalili nyingine ikajitokeza wiki kadhaa baadaye: hedhi ikachelewa, ikaja ovyo, au ikakoma kabisa. Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa ndugu zetu wa Nchelenge, wa visiwa vya Ziwa Mweru, wa makazi ya Mantapala na wa ng'ambo ya Kongo, kwa kuwa hedhi iliyokosekana huzaa tuhuma nyumbani, na tuhuma huweza kuzaa kipigo cha pili.

Sisi si madaktari. Tuyasemayo ni yale yajulikanayo katika utabibu. Hedhi haiongozwi na tumbo peke yake. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere iitwayo pituitari, nayo imening'inia kwa kikonyo chembamba. Sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi, huiagiza tezi hiyo, nayo hupeleka homoni kwa njia ya damu hadi kwenye ovari, ndipo yai lipevuke. Ubongo ukitikiswa kwa nguvu, kikonyo huweza kuvutika au kukatika, au tezi ikakosa damu. Hapo ovari hunyamaza ingawa zenyewe hazina kasoro. Pengine homoni ya maziwa huzidi, na maziwa yakatoka kwa mwanamke asiyenyonyesha.

Lakini si kila ucheleweshaji hutoka kichwani. Mimba ndiyo ya kupimwa kwanza, na kipimo cha mkojo hutoa jibu kwa dakika chache. Shemeji na majirani hawana kipimo hicho. Hofu, kukosa usingizi na kukonda wakati wa ugonjwa huvuruga hedhi pia, kadhalika sindano za kupanga uzazi na baadhi ya dawa za kifafa ambazo majeruhi wengine hupewa.

Mara nyingi hedhi hurejea yenyewe baada ya miezi michache. Ikikosekana miezi mitatu, mgonjwa amwone daktari, kwa mfano katika Hospitali ya St. Paul's, Kashikishi, na aseme wazi kwamba aliumia kichwa. Asiposema, daktari hatakuwa na sababu ya kuifikiria tezi. Kuna jambo zito zaidi: tezi hiyohiyo huongoza homoni ya kotisoli, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Udhaifu mkubwa, kizunguzungu wakati wa kusimama, kutapika, au kiu isiyokatika pamoja na mkojo mwingi havingoji miezi mitatu. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Aliyeumizwa na mtu, awe mume au mgeni, analindwa na Sheria ya Kupambana na Ukatili wa Kijinsia ya mwaka 2011. Twajua kuitaja hedhi mbele ya askari wa kiume ni aibu kwa wengi. Mwanamke na aombe kusemezana na askari wa kike. Ikiwa fomu ya matibabu ilitaja kovu tu, na hedhi ikakoma baadaye, arudi kwetu na maelezo ya daktari yaingizwe katika jalada. Aje na tarehe ya kuumia, tarehe za hedhi zilizotangulia na zilizofuata, na aseme kama alizimia, na kwa muda gani.