Oka Mkate kwa Jiko la Makaa, Lakini Uokee Nje

Mashine ya kuoka mkate hukanda unga, huuacha uumuke na kuuoka yenyewe, lakini huhitaji stima isiyokatika kwa takriban saa 3. Katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware, jiko la makaa na sufuria mbili hutosha.

Changanya nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vidogo 2 vya hamira na maji ya uvuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja na robo. Kanda kwa dakika 10, funika, uache uumuke kwa saa 1. Uhamishie kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, usubiri dakika 30.

Pasha moto mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, funika, kisha utie makaa machache juu ya kifuniko. Mkate huiva kwa dakika 40 hivi.

Hatari iko kwenye makaa. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu katika chumba kilichofungwa. Hata moshi ukiisha, gesi ingalipo. Wakazi wanashauriwa kuokea nje, wasiingize jiko ndani ili kupata joto, wala wasilale likiwa linawaka. Anayeumwa na kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.