Kupanda Kilimanjaro mwezi wa Mei: kwa nini mbwa abaki nyumbani

Kijana wa Magu au Misungwi aliyekua akichunga ng'ombe hajazoea kutembea bila mbwa wake. Akipanga na wenzake safari ya Kilimanjaro, atataka kwenda naye. Haiwezekani. Kwenye lango la hifadhi ya taifa hutaruhusiwa kuingia na mbwa, hata ukimfunga kamba.

Wengi hudhani ni ukali wa askari wa hifadhi tu. Sababu yenyewe tuliiona jirani hapa. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuyumba, kutetemeka na kuanguka kama wenye kifafa. Karibu theluthi moja walikufa, yaani kama simba 1,000. Wataalamu walikuta virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na wakawataja mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi kuwa chanzo. Serengeti hiyohiyo inafika hadi Ndabaka, kando ya barabara yetu ya Musoma. Mbwa huweza kueneza virusi kabla hujaona dalili yoyote, na misitu ya Kilimanjaro nayo ina chui.

Basi mwachie mtu atakayemlisha, na kabla ya kuondoka muulize afisa mifugo habari za chanjo. Angalia hapa: chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii distempa. Hizo ni chanjo mbili tofauti.

Tuje kwenye mlima. Mei ni mwisho wa masika. Chini msituni ni mvua na utelezi. Juu, mvua hiyo hugeuka theluji. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mwanza tuko kwenye mita 1,140 hivi, na kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Alfajiri ikiwa nyuzi 20 hapa, kule tarajia nyuzi 8 chini ya sifuri, upepo bado hujauhesabu. Koti lisilopitisha maji, glavu na soksi nzito utavipata kwenye mitumba. Usiku wa kwenda kileleni, geuza chupa ya maji kichwa chini, barafu isizibe mdomo wake. Kwa kweli mimi ningesubiri hadi mwishoni mwa Juni.

Huruhusiwi kupanda bila mwongoza watalii mwenye leseni, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Siku tano zinatosha kwa ratiba, ila lipia ya sita ulale Horombo mara mbili, mwili uzoee hewa nyepesi. Kichwa kikiuma au ukitapika, mwambie mwongoza, usijikaze kiume. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata umekaa, unashuka usiku uleule, hata kama kilele unakiona.