Fizio wa Eldoret Anayesoma Maji ya Kilindini

Ukutani mwa chumba kimoja mtaani Kapsoya, Eldoret, kati ya picha ya uti wa mgongo na kalenda ya duka la mbegu, pamebandikwa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji katika bandari ya Kilindini. Herufi zake ni ndogo, safu kwa safu: tarehe, saa, kimo cha maji kwa mita. Tarehe kadhaa za Desemba zimezungushiwa wino mwekundu.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji tunayojivunia hapa ni mto Sosiani, na huo haujui bamvua. Nilikuwa nimekwenda kwa habari nyingine kabisa, ya wanariadha wanaouguza misuli, lakini jedwali lile lilinivuruga. Maswali yangu ya riadha yakaisha kabla ya wakati wake, nikauliza la ukutani.

Mwenye chumba ni fizio, mama wa makamo aliyefanya kazi hospitalini kwa miaka mingi na ambaye sasa huwafuata wagonjwa majumbani. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu mtaa ni mdogo na wagonjwa wake wangetambulika kupitia kwake. Wengi wao ni wazee waliovunjika nyonga. Anawajua kwa namna walivyoanguka: huyu aliteleza kwenye tope akienda kumkamua ng'ombe alfajiri, yule alijikwaa kwenye mkeka, mwingine aliamka usiku kwenda haja taa zikiwa zimepotea.

"Wakishaona mama nusura awaponyoke, ndipo wanakumbuka hajawahi kuona bahari," alisema.

Hapo ndipo safari huzaliwa. Mahindi yamevunwa na kuuzwa, shule zimefungwa, mtoto aliye ng'ambo amerudi Krismasi na dola zake. Mombasa inapangwa. Na Mombasa ya siku hizi haikamiliki bila kupanda jahazi: kula chakula cha jioni majini katika hori la Tudor, au kuvuka kutoka Shimoni hadi kisiwa cha Wasini. Watoto hulipia viti, hulipia hoteli, hununua kofia. Fizio huambiwa mwishoni, tena kwa kupewa taarifa tu.

Zamani naye hakuwa na la kuuliza. Kisha jioni moja binti wa mgonjwa wake alimpigia simu akiwa gatini, analia. Mama alikuwa amepanda chomboni vizuri mchana, akala samaki, akafurahi. Sasa walikuwa wamerudi, na gati lilikuwa juu ya vichwa vyao. Ngazi ya chuma ilisimama wima ukutani, imejaa utelezi. Mama alikuwa na miezi minne tu tangu apasuliwe.

"Mimi nilizaliwa Iten. Niliuliza, gati limepandaje? Binti akasema, si gati, ni maji yameondoka. Nilidhani amechanganyikiwa."

Ndugu mmoja wa kanisani aliyehamishiwa kazi Pwani alimtumia jedwali. Akalisoma kama alivyosoma vitabu vya chuo, na alichogundua anakieleza kwa raha ya mtu aliyejifunza jambo ukubwani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kila badiliko likichukua kama saa sita, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na hapo maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti inapungua hata kufikia kama mita moja. Mvuvi wa Shimoni hahitaji karatasi kujua haya. Bara hatufundishwi.

Kisha akanionyesha mtego wenyewe, kidole kikitembea juu ya safu. Siku za bamvua, maji ya Mombasa hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Hiyo ya jioni ndiyo saa nzuri ya watalii: jua limepoa, picha zinapendeza, ubavu wa jahazi uko sawa na gati. Kogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, anavuka kama anavyovuka kizingiti cha jikoni kwake. Chakula kinaliwa, ngoma inapigwa, watu wanarudi saa nne usiku. Saa nne usiku ndipo maji yamekupwa kabisa.

"Wote huuliza habari za kupanda," alisema. "Hakuna anayeuliza habari za kushuka."

Zile tarehe zenye wino mwekundu ni za maji mafu, na ndizo anazozipendekeza kwa familia. Huwataka pia wapige simu waulize kama kuna gati linaloelea, lile linalopanda na kushuka pamoja na maji, maana mahali penye gati la namna hiyo jedwali lote halina kazi. Na huwakataza safari za majini kati ya Juni na Agosti, kusi inapovuma na bahari kuchafuka. Kaskazi ya Desemba anaivumilia.

Nilimwambia, pengine kwa ujinga wa mwanamume mwenye mabega, kwamba mabaharia ni watu wenye nguvu, mzee anaweza kubebwa.

Alinitazama kwa muda. Hilo ndilo jambo analoliogopa kuliko maji yenyewe. Popote atakapopeleka swali lake, gatini, kituo cha matatu, ngazi za kanisa, jibu ni moja: waje tu, tutambeba. Linatolewa kwa moyo mweupe. Vijana wanne wanajitokeza, mmoja kwapani, mwingine kwapani, wawili miguuni, na mzee anapaa.

Mzee aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja mara nyingi huondolewa kichwa cha mfupa huo, akawekewa cha chuma. Cha chuma hukaa mahali pake kwa kushikiliwa na misuli na ngozi ya ndani, navyo huchukua miezi kupata nguvu. Katika miezi hiyo mgonjwa huonywa asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, asigeuze goti kuelekea ndani. Sasa fikiria vijana wanne wanaomshusha mtu kwenye chombo kinachotikisika. Aliyeshika mguu wa kushoto anavuta huku, aliyeshika wa kulia anavuta kule, makalio yananing'inia chini. Makatazo yote matatu yamevunjwa kwa mkupuo. Nyonga ikichomoka, ni kurudi hospitalini. Na mkono ukivutwa kwapani, bega la mtu wa miaka 80 halina ahadi.

"Halafu kuna aibu," aliongeza. "Kogo amevaa gauni, anabebwa mbele ya wakwe. Nani alimuuliza?"

Kwa hiyo yeye hufundisha kuvuka. Siku niliyokuwapo, nyuma ya nyumba, alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo, bibi kutoka upande wa Moiben aliyeanguka akimfungia ndama. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu apasuliwe na daktari wake alikuwa amemruhusu kukanyagia mguu wote. Watoto wake wanne walikuwa wamekuja, watatu wa kiume na binti mmoja. Kwenye nyasi palikuwa na tyubu ya trekta iliyojazwa upepo nusu, juu yake ubao mpana, na juu ya ubao kiti cha mbao chenye mikono, kimefungwa kwa kamba. Hicho ndicho chombo cha majini cha Kapsoya.

Kogo alivishwa kiunoni mkanda mpana uliokatwa kutoka mshipi wa gari, ambao fundi viatu wa sokoni ameushonea vishikio viwili. Mtoto wa kwanza alishika kishikio cha nyuma, wa pili akasimama mbele, mikono wazi, akikatazwa kugusa. Woka, kifaa chake cha kutembelea, ilisimamishwa ukingoni. Kogo alitakiwa ageuke kwanza, kinyumenyume, mpaka ahisi ukingo wa kiti nyuma ya magoti. Atangulize mguu mbovu mbele kidogo. Ashike mkono wa kiti. Ndipo aketi, polepole, kwa mguu mzima. Chombo kiliyumba. Kogo alisema neno la Kinandi lililowachekesha watoto wake wote, nami sikutafsiriwa.

Walirudia. Mara hii fizio alikitikisa kiti kwa mguu wake, makusudi, na kogo akajifunza kutazama mbali, ukutani kwa jirani, badala ya kutazama miguu yake. Kiti kilikuwa kimeongezwa mto ili makalio yawe juu kuliko magoti. Fizio alipima kimo chake kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 52. Akamwambia binti aandike namba hiyo, na akiuliza viti vya jahazini aseme namba, asiseme "viti vizuri."

Namba ndizo anazozidai kwa kila mtu. Mlango wa choo una upana gani, kwa kuwa kiti cha magurudumu cha kawaida hutaka kama sentimita 80. Mteremko wa kupandia ukoje: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, unatakiwa urefu wa sentimita 12. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote na kutumia usafiri wa umma kwa njia inayofaa, na ibara ya 57 inawataja wazee na heshima yao. Fizio anaijua. Ila hajawahi kuona katiba ikipima ngazi.

Habari za barabara alizimaliza kwa haraka. Kilomita 310 hivi hadi Nairobi, gari lisimame kila baada ya saa moja, kogo ashuke atembee: Burnt Forest, Nakuru, Naivasha, popote. Baada ya upasuaji wa nyonga damu huweza kuganda miguuni kwa muda wa hadi miezi mitatu, na kukaa mkao mmoja huichochea. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, treni ya Madaraka Express anaipenda kwa kuwa mtu anaweza kutembea kwenye ujia. Lakini anasisitiza daraja la kwanza, shilingi 4,500 badala ya 1,500, na si kwa fahari. Katika daraja la kawaida abiria wanatazamana, magoti yanagongana na ya mgeni, na nyonga hubaki imekunjwa saa tano au sita.

Alinisimulia pia habari ya mzee mmoja wa huku ambaye bintiye anayeishi Marekani alimpeleka kwenye meli kubwa za matembezi, zile zenye maelfu ya abiria. Fizio alihangaika usiku kucha bila sababu. Chumba cha mzee kilikuwa na mlango mpana, choo chenye vishikio, lifti hadi sitaha ya juu. Tatizo lilitokea kwenye bandari moja ndogo ambako meli hutia nanga mbali, abiria wakashushwa kwa boti. Wenye viti vya magurudumu walibaki melini, na mzee akabaki nao akicheza karata. Kilichomshinda kabisa katika safari nzima kilikuwa kidato cha matatu, hapa Eldoret, alipokuwa akitoka kliniki.

Linalobaki bila dawa ni choo. Katika majahazi mengine choo kiko chini, na njia yake ni ngazi nyembamba. Wazee hulijua hilo bila kuambiwa, nao wana ufumbuzi wao: hawanywi maji tangu asubuhi. Mtu ametoka kwenye baridi ya Uasin Gishu, anakaa kwenye joto la Mombasa, anatokwa jasho, na hanywi. Damu huzidi kuwa nzito, ile ile damu ambayo barabara nzima walikuwa wakisimama ili isigande. Fizio huwaambia wanywe. Wao humwitikia kwa adabu na hawanywi. Nilipomuuliza afanye nini basi, alisema nepi za watu wazima zipo, na kwamba katika wagonjwa wake wote ni wachache waliokubali hata kuongea habari hiyo mbele ya watoto wao. Hakuendelea, nami sikumsukuma.

Nilimuuliza pia kama wazee wenyewe huitaka safari. Alikunja mkanda wake kwanza. Alisema wapo wanaoitaka kuliko watoto, na kogo wa Moiben ni mmoja wao. Alipopendekeziwa Kisumu kwa kuwa ni karibu, alijibu kwamba ziwa ameliona. Lakini yuko mwingine aliyemnong'oneza, wakiwa wawili tu, kwamba hataki kwenda na hajui jinsi ya kumkatalia mwanawe aliyekwisha kulipa. Kama aliifikisha habari hiyo kwa mwana, fizio hakusema. Nijuavyo ni kwamba safari hiyo ilifanyika.

Kabla kikao hakijavunjika kogo alitaka kujua jambo moja, na alimwuliza fizio, si watoto. Akichoka katikati ya maji, nani atamwambia nahodha ageuze?

Mtoto wa kwanza akasema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyelipa. Binti akasema yeye ndiye anayelala na mama chumba kimoja na ndiye ajuaye uso wake ukibadilika. Wa pili akasema jahazi la watu 40 haligeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja, na ndugu zake wakamrukia. Fizio aliwaambia nahodha hatasikiliza watu wanne, wachague mmoja kabla ya Desemba na jina lake limfikie nahodha kabla kamba haijafunguliwa. Kogo alisema angependa kusema mwenyewe. Nilipotoka langoni walikuwa bado wanabishana.