Pima flashi kuukuu kabla ya kuipachika

Mpiga picha wa Kaloleni, Kisumu, anayepiga harusi kanisani mchana, kisha akaitwa kwenye mkesha wa matanga usiku uleule, hawezi kwenda bila flashi. Flashi mpya inayolingana na kamera yake ni ghali. Kuukuu hazikosekani Kisumu: za studio zilizofungwa, za wapiga picha waliostaafu, na nyingine huibuka kwenye mitumba. Anatia mawe, taa ya kuonyesha kwamba imejaa inawaka, anabonyeza, chumba kizima kinang'aa. Basi anaamini ni nzima. Lakini mwanga huo haumwambii kama kamera yake iko salama. Hatari iko kwenye mguu wa flashi, ambako volti hukaa zikisubiri hata kabla haijamulika.

Ndani ya flashi mna saketi inayochukua volti 6 za mawe manne na kuzikuza hadi takriban 300, kisha kuzihifadhi kwenye kapasita. Shata ikifunguka, kamera huunganisha ncha mbili za mguu wa flashi, na muungano huo ndio amri ya kumulika. Flashi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ziliundwa kwa namna ambayo sehemu kubwa ya volti hizo ilifika hadi kwenye ncha hizo. Kamera za filamu za wakati ule zilistahimili kwa kuwa swichi yao ilikuwa vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Katika kamera ya kidijitali, kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo cha elektroniki. Kikizidiwa, huweza kuungua papo hapo, au kudhoofika polepole hadi siku ambayo hakuna flashi tena itakayowaka juu ya kamera hiyo, hata ikiwa mpya.

Volti zenyewe si za kudharau. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Vivitar 283, flashi iliyopendwa sana duniani tangu miaka ya 1970, ina matoleo ya mwanzo ya Japani yaliyopimwa na kukutwa na zaidi ya volti 200 mguuni, ilhali matoleo ya baadaye mara nyingi huwa chini ya 10. Jina ni lilelile na umbo ni lilelile. Ndiyo maana kumuuliza mwenzako kama yake ilifanya kazi hakutoshi.

Kamera nazo hazilingani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 cha mwaka 1992 kinataka kamera istahimili volti 24. Canon iliwahi kutaja kikomo cha volti 6 tu kwa kamera zake kadhaa za EOS za awali. Vijitabu vya Nikon huonya dhidi ya volti zinazozidi 250 na dhidi ya umeme ulio kinyume, yaani hasi na chanya zikiwa zimebadilishana nafasi. Kwa hiyo soma kwanza kijitabu cha kamera yako.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Tumia mita ya kidijitali; zile za mshale huvuta umeme mwingi na kuonyesha volti pungufu. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 600 au zaidi. Tia mawe mapya kwenye flashi, iwashe bila kuipachika kwenye kamera, subiri taa iwake, kisha ongeza dakika moja. Gusisha waya mwekundu kwenye kitufe cha katikati ya mguu, na mweusi kwenye chuma cha ubavuni. Vidole visiguse ncha hizo.

Ukipata volti 6 au chini, karibu kamera yoyote itaivumilia. Kati ya 6 na 24, fuata kijitabu. Zaidi ya hapo, usiipachike moja kwa moja isipokuwa mtengenezaji wa kamera ameruhusu kwa maandishi. Mita ikionyesha alama ya kutoa, iache kabisa.

Flashi yenye volti nyingi bado ina kazi. Kuna adapta za kupunguza volti, kama Wein Safe-Sync, zinazokaa kati ya flashi na kamera. Njia nyingine ni kuitenga na kamera: itumie kwa kipokezi cha redio, baada ya kuhakikisha kuwa kipokezi chenyewe kinastahimili volti hizo, au kwa jicho la kuhisi mwanga wa flashi nyingine.

Usiifungue ili uitengeneze mwenyewe. Kapasita hubaki na umeme hata mawe yakitolewa, na umeme huo unaweza kuua. Iliyokaa kabatini miaka mingi ijaze na kuipumzisha mara kadhaa kabla ya kuipeleka kazini.

Ikishakuwa salama, iendeshe kwa mkono. Anza na shata ya 1/125. Ukipita kikomo cha kamera, sehemu ya picha hutoka nyeusi. Gawanya namba ya mwongozo ya flashi kwa umbali upate tundu la lenzi: yenye namba 32 katika ISO 100, kwa mtu aliye mita 4, inataka f/8. Shata ya kielektroniki izime, kwani kwenye kamera nyingi flashi haitawaka. Na angalia kitako cha kupachikia flashi juu ya kamera yako: baadhi ya Canon za bei nafuu, kama EOS 250D ya mwaka 2019, hazina kitufe cha katikati, kwa hiyo flashi za zamani haziziitikii kabisa.

Ukienda kununua, beba mita na mawe manne mapya. Muuzaji akikataa upime, mwachie flashi yake.